Samadi Niliyokatazwa Kugusa

Mnilaumu tu, nimekubali. Nilionywa, nikajifanya mjuaji, na kidogo tu nimzike mume wangu.

Sisi ni watu wa Bungoma, tunapanga hapa Kitengela. Mwenye ploti alituruhusu tupande mahindi huko nyuma. Jirani yetu Mama Naserian, Mmaasai aliye na mifugo, akaniambia nichukue samadi kwake bure. Ila ilikuwa mbichi.

"Irundike, mwagia maji, funika na turubai. Kila wiki unageuza. Miezi tatu ndio upeleke shamba," akaniambia. Halafu akanionyesha boma yao ya zamani, ng'ambo ya korongo. "Ile hapana. Ng'ombe yetu ilikufia hapo, tukahama. Hatugusi."

Nikaona ni mila zao tu! Nilienda kuchungulia. Samadi nyeusi, laini, imeshaoza yenyewe, haina hata harufu. Na mvua ndiyo hiyo inakaribia. Miezi mitatu ningoje nini?

Jumapili Mama Naserian na watu wake wakiwa kanisani, nilijaza magunia sita kule, nikabeba na mkokoteni wa punda. Mume wangu nikamdanganya kwamba Mama Naserian ametuozeshea. Akafurahi, jamani! Akaitia kwenye mashimo kwa mikono mitupu, na alikuwa amekwaruzwa na seng'enge kwa mkono.

Siku chache, akatoka kipele. Kinawasha lakini hakiumi. Kikapasuka, katikati kikawa cheusi ti, mkono ukafura hadi kiwiko. Kliniki wakasema ameumwa na buibui. Homa ikapanda, tukakimbilia hospitali Kajiado.

Daktari akaniuliza, "Kuna mnyama, ngozi, nyama ama samadi ameshika?"

Nikasema hapana.

Hapana! Mume wangu amelala pale anaweweseka, na mimi naogopa kuitwa mwizi wa samadi. Mungu wangu, nilikuwa mtu gani?

Kesho yake Mama Naserian akaja kumwona. Alipofunuliwa ule mkono, uso ulimbadilika. "Hii ni kimeta. Ndiyo ilimaliza ng'ombe yetu. Mama Brayo, ulienda kule?"

Nikavuta shuka nikaufunika ule mkono.

"Enda useme saa hii, ama nitasema mimi."

Nilikimbia kwa daktari nikilia, nikamwambia samadi ilitoka wapi. Dawa zikabadilishwa. Siku mbili hizo za kungoja, kila nesi akikuja upande wangu nilijua anakuja kuniambia nimekuwa mjane.

Alipona. Amebaki na kovu. Maafisa wa mifugo walikuja wakasema shamba lisiguswe, huo ugonjwa unakaa kwa udongo miaka na miaka, na hata ningeiozesha haingesaidia. Mahindi yamesimama pale, hakuna mtaani aliye na mazuri kama yangu, na mimi nayaogopa kama nyoka. Mtoto wetu Brayo akijikuna tu, namvua shati nimkague.

Nyinyi mnaolima, mkiambiwa boma fulani haiguswi, ulizeni kwa nini kabla hamjacheka. Chukueni ile mliyopewa, muiozeshe, muwe na subira. Na daktari akiuliza, tafadhali, semeni!

Mume wangu bado anaamini sikujua kwamba ile samadi ilikuwa imekatazwa. Wageni wakija anawaonyesha kovu na kusema, "Huyu mke wangu ndiye aliniokoa, ndiye alimkumbusha daktari mambo ya samadi." Mama Naserian huniangalia tu.

Jana nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Akanishika mkono na ule wake wenye kovu, akanishukuru tena. Nikainuka nikamwekea chai.