Nilivyochoka Kuambiwa Komera

Hakuna neno lililonichosha kama komera. Kwa Kinyarwanda maana yake uwe na nguvu, ujikaze. Ukijikwaa unaambiwa, ukifiwa unaambiwa, na mimi niliyekatika kano ya goti nilipotua vibaya kwenye mechi ya mpira wa wavu niliambiwa asubuhi mpaka jioni. Mtaa wetu wote wa Nyamirambo ulikuwa umehamia kwenye goti langu. Fundi cherehani: komera. Muuza maziwa: komera. Dereva wa pikipiki aliyenipeleka kliniki hata kofia alikuwa hajanipa: "Dada, mguu iko aje? Komera sana." Nilitamani kumpiga kwa hiyo kofia.

Kliniki ilikuwa ghorofani, mtaa wa Gisimenti, juu ya mgahawa wa mishikaki. Kufika saa sita moshi ulishapanda mpaka chumbani, nami niko chali nanyanyua mguu. Kine wangu, ndivyo tunavyomwita hapa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikulia Tanzania. Kiswahili chake kimenyooka, Kinyarwanda chake kinachekesha. Tuliongea Kiswahili, yakaisha.

Miezi ikapita. Daktari aliyenipasua alisema goti limepona, na kine alilipima akaridhika. Likabaki jambo moja: nipande kisanduku cha mbao, niruke, nitue kwa mguu wa kushoto peke yake. Kocha alikuwa ameshasema kwamba wiki ile ikiisha kabla sijatua, nafasi yangu anampa mwingine. Na mimi zaidi ya kuruka sijui kazi nyingine.

Kisanduku chenyewe kilikuwa kifupi, watoto wa mtaani kwetu wanaruka ngazi ndefu kuliko kile. Lakini kila nikisimama juu yake nilisikia tena ule mlio wa siku ya mechi, tap, kama kijiti kikavu. Basi kila mara nilisema, "Leo nimechoka, kaka." Sikudanganya sana. Nilichoka kulala vibaya, nilichoka kupanda ngazi zile, nilichoka na goti linalojadiliwa kama mgonjwa wa familia nzima. Naye alijibu, "Sawa dada, pumzika," akakisogeza kisanduku ukutani.

Siku ya mwisho ya wiki ile, maskini, akaamua anitie moyo kwa lugha yangu. Ilionekana alikuwa amefanya mazoezi nyumbani. Alisimama mbele yangu, mimi nikiwa juu ya kisanduku, akakohoa, akapaza sauti: "Ivi ryarakomeretse! Simbuka!"

Alitaka kusema ryarakomeye, goti limekuwa imara. Alichosema ni kwamba goti limejeruhiwa, ruka! Kwa Kinyarwanda maneno hayo yanafanana mno, na mgeni hujikwaa hapohapo.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu kicheko kikageuka, nikalia pale pale juu ya kisanduku, kilio cha kamasi. Tangu nianguke hakuna aliyeniambia kwamba nimeumia. Waliniambia nijikaze, kisha wakaenda zao. Hata mama yangu aliniambia hivyo, huku anageuza uso nisione macho yake.

"Nimekosea nini?" kine akauliza. Nikamweleza. Akashika kichwa. "Samahani sana, dada. Wallahi sikukusudia."

"Hapana. Umesema ukweli."

Akainama kushika kisanduku, kama kawaida yake. "Umechoka? Tuache?"

"Sijachoka," nikasema. "Ninaogopa."

Nilidhani atasema komera. Badala yake alikiachia kisanduku, akakaa sakafuni. "Basi ruka huku unaogopa. Mimi nipo."

Nikaruka. Goti likajikunja, likatetemeka, likanibeba. Kine akampigia kocha simu mbele yangu, akamwambia Jumatatu ninakuja. Nilikuwa nimengoja habari hiyo muda mrefu, lakini ilipofika sikuwa na nguvu ya kushangilia. Nilitaka kitanda tu.

Chini barabarani nikamkuta dereva yule yule, amekaa juu ya pikipiki anakula mshikaki.

"Dada, mguu iko aje?"

"Iliumia," nikamjibu. "Iliumia sana."

Akaacha kutafuna. Akaniangalia, akanivalisha kofia mwenyewe, akaifunga taratibu chini ya kidevu. Njia nzima mpaka Nyamirambo aliendesha polepole, bila kusema komera hata mara moja.