Shingo ya Jamaa wa Saiba

Jamaa wa saiba mpya ya Pumwani, duka la kukodisha kompyuta na intaneti, ana adabu zake. Mteja akianza kubonyeza neno la siri, yeye hugeuza shingo akatazama ukuta kama aliyemkuta mama mkwe akioga, ijapokuwa ndiye aliyemchagulia neno lenyewe. Nasambu, mteja wake, aliiamini sana shingo ile. Leo amekuja kusoma barua pepe, ajue kama kakake aliyelazwa Uingereza amepata nafuu. Hata hajaketi, jamaa anavua kofia na kumshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, dada. Mungu ampumzishe."

"Ampumzishe nani?" Kompyuta yenyewe bado imezimwa.

Jamaa anageukia ukuta. "Wifi yako aliandika jana. Nikaona msiba haungoji, nikamjibu kwa jina lako. Nilimwambia umelia sana."