Kitunguu Saumu Kichwani kwa Fikri

Mjini Tanta, nyuma ya soko la mboga, hapakuwa na mpiga pasi wa kumshinda Fikri. Kanzu ikitoka mikononi mwake, mwenyewe aliogopa kuikalia. Ila kichwani, masikini! Miaka thelathini na minane tu, na nywele zilizobaki ungeweza kuzipa majina moja moja.

Hilo halikumsumbua mpaka mama yake, Hajati Tafida, alipopeleka posa kwa Mzee Zaghlul, muuza mapazia, kumtaka binti yake Inshirah. Pamoja na posa akapeleka picha ya Fikri akiwa jeshini, nywele tele.

"Mama, picha ile ina miaka kumi na saba!"

"Kwani pua imebadilika? Nywele tutaziotesha. Kusoma Fatiha ya uchumba ni baada ya siku arobaini, usinitie presha."

Fikri angebisha, lakini alishamwona Inshirah dirishani akishona mapazia na kuimba vibaya bila aibu, na wiki hiyo aliunguza kanzu mbili za watu. Akimkosa huyu, hataki mwingine.

Basi akakaa kwenye kiti cha jikoni, akapakwa. Kwanza maji ya vitunguu, mpaka wateja wakaanza kunusa suruali zao. Kisha uwatu uliosagwa, ukamganda kichwani akashindwa kukunja uso. Kisha mafuta ya girgir, majani yale machungu tunayokula na maharage. Kila asubuhi alipapasa utosi. Wapi!

Siku ya arobaini Hajati akatoa silaha ya mwisho: kitunguu saumu kilichokaangwa kwa samli na giligilani, kilekile cha mlenda. Kwetu, anayekimimina kwenye mlenda lazima apige mshtuko, avute pumzi kwa nguvu, haaah! Asipopiga, mlenda unazama chini ya sufuria na jirani wanajua. Hajati akaona kichwa nacho kina haki yake. Akakipoza kidogo, akammiminia mwanawe, akavuta pumzi. Kifua chake cha pumu kikatoa kikohozi.

"Haikushika," akasema kwa huzuni ya kweli. "Vaa kofia, twende."

Sebule ya Mzee Zaghlul ilikuwa ya moto. Inshirah akaleta sharubati, akamtazama Fikri, akatabasamu. Kisha akakunja uso.

"Fundi Fikri, mbona unatokwa jasho la njano?"

Samli ilikuwa inashuka toka chini ya kofia, polepole, kuelekea kwenye nyusi.

"Nani anapika mlenda saa hizi?" Mzee Zaghlul akauliza, akinusa huku na huku.

Hajati akamkanyaga mwanawe mguu. Lakini Fikri alikuwa amechoka, na aliona aibu kumdanganya mtu aliyemtabasamia. Akavua kofia.

"Picha ni ya zamani, bibie. Kichwa ndicho hiki. Ukinikataa, sikulaumu."

Kipara kikang'aa, vipande vya kitunguu saumu vimeshika hapa na pale. Inshirah akaweka mkono kifuani, akavuta pumzi:

"Haaah!"

Mshtuko mkubwa, safi. Mapazia yalitikisika, au labda ni Fikri aliyetikisika. Akainama kuitafuta kofia yake, macho yakimwasha.

Hajati Tafida akaruka kutoka kitini.

"Umesikia, Fikri? Huo! Huo ndio tulioukosa! Mwanangu Inshirah, hebu rudia, mara hii usogee karibu na utosi!"

Inshirah akamtazama Hajati, akakitazama kipara, akaelewa. Akacheka mpaka akakalia zulia. Mzee Zaghlul akashindwa kujizuia naye. Fikri peke yake hakucheka, alikuwa anangoja hukumu na kofia mkononi.

"Hajati," Inshirah akasema akijifuta machozi, "kichwa hiki hakitaki mshtuko. Kinataka sabuni. Baba, someni Fatiha, mimi nachemsha maji."

Ni mwaka wa sita sasa, na hakujaota hata unywele mmoja. Lakini kila Ijumaa Inshirah akishamimina kitunguu saumu kwenye mlenda na kupiga mshtuko wake, hugeuka, akamvua mumewe kofia, akapiga wa pili. Hajati hukaa mlangoni akisikiliza, na kila mara husema ameona kitu kinachomoza.