Siku Tuliyomlilia Mbweha wa Sikio Moja

Kaka yangu na mimi tulilelewa na katuni. Wazazi walitulisha na kutuvisha, hilo sikatai, lakini Jumamosi mchana tulikuwa watoto wa kibanda cha video pale senta, Mabira, na ndani ya kibanda kile tulikuwa watoto wa mbweha mmoja anayetembea kwa miguu miwili, mwenye sikio moja. La pili lilikatika vitani. Mwenye kibanda alishika kipaza sauti na kututafsiria lugha ambayo yeye mwenyewe hakuijua, na mambo yakipamba moto alihamia Kinyambo chetu bila kuomba ruhusa. Miaka mingi baadaye niliiona ile katuni ikiwa na maandishi ya Kiswahili chini yake, nikagundua kwamba karibu kila neno alikuwa ametunga. Hata lile tulilolipenda kuliko yote. Mbweha alikuwa akifika vitani wenzake wameshachakaa, anatua katikati yao, anasema, "Nimechelewa, lakini nimefika." Kumbe alikuwa anataja tu jina la upanga wake. Mimi nimebaki upande wa mwenye kibanda mpaka leo.

Kaka alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka miwili. Alipokwenda Dodoma kwenye kazi za ujenzi, akaoa hukohuko, alikuja nyumbani kila mwisho wa mwaka, na kila mara alichelewa. Tulikuwa tumeshakula ndizi za sikukuu, vyombo vimeoshwa, ndipo unamwona amesimama mwanzo wa kibanja chetu cha migomba, begi begani, mkono mmoja umefunika sikio la kushoto. "Nimechelewa," anapaza sauti. Sisi tunamalizia. Baba alipofariki tukabaki mimi na mama kumalizia, mama naye akatutoka, nikawa namalizia peke yangu.

Watu wengine wana kaka wa kuongea naye mipaka ya shamba. Wangu alinipigia simu kuhusu mbweha. Siku aliposikia kwamba katuni inarudi, imechorwa upya, baada ya miaka yote hiyo, alinipigia nikiwa katikati ya kukata sare za shule. Tulipiga kelele mpaka mteja wangu akasogeza kiti nje. Tukawekeana ahadi: mimi nitaangalia huku, yeye huko, kisha tutapigiana, na hakuna ruhusa ya kusoma kundi la mashabiki mtandaoni kabla ya kuongea.

Katuni ilikuwa haijatoka bado alipofariki. Aliumwa siku nne. Nilipanda basi siku ya tatu, basi likaharibika njiani, na nilipofika walikuwa wamemzika jana yake mchana. Wakwe zake walisema wangeningoja kama wangeweza. Niliweka udongo juu ya kaburi lililokwisha kufungwa, nikakaa na mjane wiki moja, nikarudi.

Niliposhuka kwenye bodaboda hapa nyumbani, mama jirani alikuwa anapalilia mpakani. Ni mama mtu mzima, wazazi wake walitoka Burundi, na ndiye aliyenifundisha kuchagua mbegu. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza, "Kaka hajambo?"

"Hajambo," nikasema. "Anawasalimu."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kwetu msiba hauachiwi mtu mmoja. Ukilia tu, watu wanatua majembe, hakuna anayelima, kikundi cha kuzikana kinaleta turubai, mabenchi na masufuria, na kila anayekuja anakuja na chochote alichonacho. Ningefanya nini na watu wote wale, mimi niliyechelewa hata maziko? Tena niliona kwamba nikilitamka jambo lile hapa, kwenye kibanja alichokulia, litakuwa limekwisha. Dodoma alikuwa amekufa. Mabira alikuwa bado yuko Dodoma.

Basi nikaendelea. Ndugu wa baba wako Nyakasimbi na hatusalimiani tangu ugomvi wa zamani, hivyo hakukuwa na mtu wa kunisuta. Miezi mitano nilijibu hajambo kanisani, hajambo kisimani, hajambo kwa mwenyekiti wa kikundi cha kuzikana, mzee ambaye anatujua sote kwa ukoo. Uongo nao una tabia ya kunenepa. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nimeshampandisha kaka cheo, amekuwa msimamizi wa mafundi. Mama jirani alifurahi, akasema alijua yule mtoto ana kichwa.

Halafu mbweha akarudi, na wakamuua.

Nilijua mapema, sina ujanja. Kundi la mashabiki lilianza kuwaka kabla sijakunywa chai, na ahadi yetu ilikuwa imebaki na mtu mmoja. Nilisoma. Watu wa Mwanza, Tanga, Mombasa, watu wazima wenye watoto, wanalia kwa maandishi. Mmoja alisema wameua utoto wake. Mwingine alitaka tuandike barua kwa waliochora, sote tusaini, kana kwamba wenye mali wanangoja barua kutoka kwetu. Vijana walioijua katuni juzi walitucheka: ni wino tu, wazee, tulizeni presha. Mzee mmoja wa Tabora, angalau nilimdhania mzee, akatoka kundini kwa hasira, akarudi baada ya nusu saa kuendelea kugombana. Na walikuwepo wale ambao ndio waliokuwa wengi: hajafa. Hamkuona mwili. Kuna moshi pale, nyuma ya moshi kuna kitu. Watamrudisha msimu wa pili, subirini.

Nilikaa upande wa hao wa moshi. Niliandika maneno marefu kuwatetea kabla hata ya kuangalia kitu chenyewe.

Kisha nikafunika cherehani, nikakaa barazani ambako mtandao unashika vizuri, nikaangalia. Ilikuwa asubuhi ya jua, watu wako mashambani wanapanda maharage, namsikia mama jirani akiongea na mbuzi wake. Michoro ilikuwa mizuri, siwezi kusema uongo kwa hilo pia. Mbweha amezeeka kidogo. Adui anashuka mlimani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake mbweha amewahi. Wenzake hawajafika. Amesimama peke yake kwenye daraja, anatazama njia watakayotokea, na hakuna anayetokea. Anapigana vizuri. Anaanguka. Hakuna moshi wowote wa maana, ni vumbi kidogo tu, na mwili unaonekana kabisa.

Sikulia. Nilikasirika, nikasonya, nikasema wapumbavu hawa. Vidole vikaenda vyenyewe kwenye jina la kaka. Nikaandika: "Umeona? Wamemuua." Nikatuma.

Ikatokea alama moja ya kijivu. Nikaingoja ya pili, ya kwamba umefika, kama mjinga. Mjane alikuwa ameniambia kwa mdomo wake kwamba simu ameizima na kuiweka sandukuni pamoja na shati lake la harusi. Nilikuwa najua hilo. Nikaendelea kungoja, naitazama ile alama moja, mpaka kioo cha simu kikazima.

Sauti iliyonitoka sikuijua. Mimi ni mtu wa kununa, tangu utotoni, kulia kwangu ni kwa ndani. Hii ilitoka kama ilikuwa imefungiwa stoo. Nilishika kichwa kwa mikono miwili, nikaingia ndani nikaanguka kitandani, nikalia kile kilio ambacho kwetu kila mtu mzima anajua maana yake, na madirisha yote yalikuwa wazi.

Sijui nililia muda gani. Nilipotoka nje, simu mkononi, vijana wawili walikuwa wameshachimbia nguzo ya kwanza ya turubai.

Uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake wamekaa kwenye nyasi, khanga viunoni, udongo wa shambani bado miguuni. Mikungu mitatu ya ndizi imelazwa ukutani, kuna kuni, kuna sufuria kubwa la kikundi. Mama jirani alinikumbatia, analia tayari, bila hata kujua anamlilia nani. Mwenyekiti akavua kofia.

"Pole, binti yetu," akasema. "Tumesikia. Ni nani?"

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ni katuni, mzee. Nilikuwa naangalia katuni. Wamemuua yule mbweha."

Kijana mmoja aliyeshika nguzo akacheka, akajizuia. Mwanamume mmoja akasema kwa sauti kwamba ameacha mbegu juani, na wingu lile linakuja. Mwenyekiti alirudisha kofia kichwani polepole.

"Binti," akasema, "sisi tumetua majembe."

"Nisameheni, mzee."

"Kikundi hiki hakichezewi."

"Najua, mzee. Nisameheni."

Akawapa vijana ishara, wakaanza kulegeza kamba. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na chini ya aibu, nikiri tu, niliona nafuu. Wangeondoka. Kaka angebaki Dodoma na cheo chake.

Mama jirani hakuinuka. Alichukua simu mkononi mwangu, akaniomba nimwonyeshe. Nikamwekea. Aliangalia kwa makini, simu imesogezwa mbali kwa ajili ya macho yake, mpaka mbweha akaanguka.

"Mawe!" akasema, kama Warundi wanavyomwita mama wakishtuka. "Si ndiye huyu kaka yako alikuwa akimwigiza? Pale mwanzo wa kibanja, anashika sikio?"

"Ndiye."

"Basi ndiyo maana umelia." Akanirudishia simu, akanipangusa uso na ncha ya khanga yake. "Mpigie kaka yako umwambie. Atakutuliza. Mpigie sasa hivi, na mimi nimsalimie."

Nilishika ile simu. Watu walikuwa wanaokota vitu vyao. Nilibonyeza kioo, na alama ilikuwa palepale, moja. Mama jirani ananiangalia, anatabasamu, anangoja kumsalimia mtu.

"Hayupo," nikasema.

"Yuko kazini?"

"Alifariki, mama. Mwezi wa tano huu sasa. Tulishamzika. Walishamzika. Mimi nilichelewa."

Sikuinua macho. Nilisikia kamba ya turubai ikiachwa. Nilingoja mwenyekiti anigombeze, kwa sababu kuficha msiba kwetu ni kosa kubwa kuliko kuusingizia, na ningestahili. Alikuja akasimama mbele yangu, akavua kofia kwa mara ya pili asubuhi ile. Aligeuka akawaambia vijana, "Fungeni vizuri. Mvua hiyo inakuja."

Yule wa mbegu juani alirudisha kuni alizokuwa amebeba. Mtu mmoja akaanza wimbo wa kanisani, wengine wakaudaka. Walikaa siku mbili. Ndizi zililiwa, watu wakamsema kaka: alivyoanguka kutoka kwenye mti wa kahawa, alivyoogopa bata. Nilimvua kile cheo mbele ya wote, wakacheka kidogo. Kwenye kundi la mashabiki niliandika neno moja tu, amekufa, na wale wa moshi wakanitukana.

Siku ya pili jioni, turubai limeshakunjwa na uwanja umefagiliwa, nilirudi kuwa peke yangu. Nikaketi barazani. Alikuja mama mmoja kutoka upande wa Kaisho, aliyesoma na kaka darasa moja, ameshuka kwenye bodaboda na mkungu wake wa ndizi. Alitazama uwanja mtupu, akaona haya.

"Nimechelewa," akasema.

Nilimwangalia nikashindwa kumalizia. Nikaenda kumpokea ndizi.