Mashine Iliyosahau Diski Yake

Jumanne, katika ofisi ya ardhi ninakofanya kazi hapa Lushoto, kompyuta tuliyopewa na wafadhili iliwaka lakini haikuendelea. Betri yake ya ndani imekufa, hivyo kila asubuhi husahau ianzie diski ipi mpaka iandikiwe. Karani aliyejua cha kuandika tulimzika Jumapili.

“Samahani bibi, rudi wiki ijayo,” mkuu wa ofisi alimwambia bibi mzee aliyetoka Mlola kufuata nakala ya hati yake.

“Shauri la shamba langu ni kesho, mwanangu.” Hakuinuka.

Adhuhuri dada wa marehemu akaleta daftari la kaka yake. “Wifi yuko eda. Amesema mtalihitaji hili.”

Mkuu akachapa mstari mmoja, herufi kwa herufi. Mashine ikaamka, bibi akapata nakala yake.

Nilipofika nyumbani, kabla ya kupika, niliwaonyesha wanangu ninapoficha hati yetu.