Friza ya Trombini

"Kwangu hata damu ya mamba itaganda!" mkuu wa maabara alijitapa mbele ya wakubwa wa chuo, siku ya kuzindua friza mpya pale Ibanda. Ufunguo wake aliuvaa shingoni kama askofu na msalaba, na vidole vyake vinene viliupapasa kila alipotaja trombini, kimeng'enya kinachogandisha damu na kuharibika kisipokaa kwenye baridi. Miezi michache baadaye kilibaki kichupa chake kimoja, na Joviale, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, alikihitaji kwa jaribio la kumalizia masomo. Mkuu akamkabidhi kwa mikono miwili, kichupa vuguvugu kama yai la kuku. Joviale akadondosha trombini kwenye plazma, majimaji ya damu, ambayo ingeganda kabla hujamaliza kupiga chafya. Ikabaki nyepesi kama chai ya mgeni asiyetakiwa.

"Chef, haigande."

"Tikisa tena, mutoto. Plazma yako iko na kiburi."

Mkuu alipoinama kutazama, shati lake likanuka samaki. Joviale akaomba friza ifunguliwe. Sambaza, vile visamaki vya ziwani, zilijaa mpaka mlangoni, ngumu kama kokoto.

"Trombini ililala wapi, Chef?"

"Ku dirisha tu, tangu jana. Sambaza ya bibi yangu ya kuuza ilikosa nafasi."

Kichupa kingine kingefika mwakani, na Joviale angerudia mwaka. Kilo ya sambaza ilikuwa franki elfu kumi.