Sura ya Mkasi

Wifi yangu aliporudi chuo akiwa na umri wa kuitwa bibi, nilikuwa wa kwanza kumcheka. Ni mke wa kaka yangu, mwalimu wa shule ya msingi, na maswali hayajawahi kumwisha. Siku ya kwanza alipoletwa nyumbani kutuona, alimuuliza mama nani hukalia kile kiti kizuri cha sebuleni, na nani aliamua iwe hivyo. Papo hapo tukajua tumepata mtu.

Sasa alikuwa anasoma shahada ya uzamili katika sosholojia, tena kwa njia ya utafiti. Mimi nilidhani atakaa darasani na wenzake. Kumbe darasa ni la kutafuta. Ni wewe, msimamizi wako na swali lako, mpaka uandike tasnifu nzima juu ya swali hilo hilo. Mwingine angekimbia. Wifi alikuwa anarudi kutoka maktaba macho yanang'aa, anaingia jikoni na mkoba begani, anaanza kutueleza alichosoma kabla hata ya salamu. Kaka yangu alifika mahali akiulizwa ameamkaje anajibu kwa tahadhari, asije akaingizwa kwenye tasnifu.

Swali lake lilikuwa hili: watu wanaofanya kazi chini ya bosi mmoja husaidianaje bila bosi kujua? Jibu akalitafuta kwetu, mafundi wa karakana ya sare za shule. Pale tunalipwa kwa fungu, bei ile ile liwe gumu au jepesi, na mafungu hayalingani. Mashati yana kola na mifuko, yanakula muda. Sketi zisizo na marinda ni mteremko. Anayekata vitambaa, kuvifunga mafungu na kutugawia ni mmoja, na amri ya bosi ni kwamba agawe kwa zamu bila kuchagua mtu. Tunamwita Mkasi, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya ulimi wake.

Wifi alituhoji mmoja mmoja sebuleni kwangu, baada ya kazi. Alituambia hakuna jina litakaloandikwa, na kwamba yeyote anaweza kujitoa wakati wowote bila kueleza sababu. Alipomaliza kuandika, akasema hawezi kuwasilisha kitu chuoni kabla wenyewe hatujakisikia. Basi Jumapili moja tukajazana kwangu, roho juu, mafundi wazima tunaona haya kama wanafunzi.

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mshiriki wa Pili, yule anayeazima sindano na kusahau kurudisha, alijulikana kabla sentensi haijaisha. Mimi nilikuwa Mshiriki wa Tatu na nilielezwa kuwa na hasira za karibu, jambo lililonikasirisha papo hapo. Kisha Wifi akafika kwenye sura aliyoipenda kuliko zote, sauti ikampanda kwa furaha. Akasoma kwamba Mshiriki wa Nne, ambaye ndiye mkataji, hagawi kwa zamu. Mwenye mgonjwa nyumbani au mimba changa humpangia mafungu mepesi, na bosi hajui.

Kicheko kilikatika. Karakana yetu ina mkataji mmoja tu. Mtu alikuwa amesoma vitabu mpaka macho yakawa mekundu, akaficha jina la Mkasi lakini cheo chake cha ukataji akakiacha pale pale, peupe. Nami nilikuwa nimeshtushwa na jambo jingine: mwezi ule mwanangu alipolazwa, sketi nilizopata mfululizo nilidhani ni bahati.

Mkasi aliweka kikombe chini. "Mwalimu, naomba unitoe humo," alisema. "Bosi akiisoma hiyo, sina kazi."

"Nimekutoa," Wifi alijibu, na mbele yetu akafuta kila neno lake.

Wenzangu walipoondoka nilimwakia Wifi. Nilimwambia si angemwita tu mtia vifungo, nani angejua? Akasema mtia vifungo hagawi mafungu, kwa hiyo sura nzima ingekuwa uongo. Nikamwambia basi aandike tu, asimwambie Mkasi. Alinitazama mpaka nikaona haya. Msimamizi wake naye alipoisoma tasnifu iliyobaki, alimwambia waziwazi kwamba ina visa vizuri lakini haina hoja, na kwa hali hiyo haitapita. Likizo yake ya masomo ilikuwa inaisha na muhula. Akirudi shuleni kufundisha bila tasnifu, shahada ndiyo imekwenda, na yeye alilijua hilo kuliko sisi. Kwa mara ya kwanza alirudi kutoka maktaba akasalimia kwanza.

Hilo ndilo lililonitia uchungu. Kesho yake nilimfuata Mkasi mezani kwake nikamweleza yote, nikiapa kwamba simlaumu, huku uso wangu bila shaka unasema mengine. Aliendelea kukata.

Jumapili iliyofuata, Wifi akiwa kwangu, nilisikia hodi, nikafungua mlango, nusura nipige kelele. Mkasi alikuwa amesimama na wanawake wengi nyuma yake, wengine siwajui kabisa. Alikuwa amezunguka karakana zote za mji, akakusanya wakataji.

"Mkataji mmoja anaonekana," alimwambia Wifi. "Wakiwa wengi hivi, bosi gani atajua nani kasema nini?"

Wifi alifurahi, lakini hakuruka hatua. Aliwaeleza upya haki ya kujitoa, akawaonya kwamba humu ndani watasikiana, na kwamba mara hii hataandika jina la mtu wala la karakana. Wote wakakubali. Mimi nilikuwa nimekaa na sinia la chai magotini, nimesahau kuitoa. Ndipo akauliza wanagawaje mafungu, na Mkasi akainamisha macho, maana alidhani zamu yake ikifika atasema neno ambalo wenzake hawatalielewa.

Aliyeanza alikuwa mama mmoja mrefu, mgeni kwangu. "Bosi anajua nagawa kwa zamu," alisema. "Lakini mtu ana mtoto hospitali, nimpe mashati? Nina moyo gani?"

Mwingine akaguna kuitikia. Wa dirishani akasema yeye huyaficha mepesi chini ya meza tangu asubuhi, akiwawekea wenye shida. Kisha wakawa wanasema kwa kupokezana, wanakatizana, wanacheka, na kila karakana ilikuwa na hadithi hiyo hiyo. Wifi alisimama, akakaa, akasimama tena.

Mkasi aliinua uso, machozi yanamtoka. "Miaka yote hii," alisema, "nalala najiita mwizi. Nilidhani ni mimi peke yangu."

"Hata mimi," alisema yule mrefu.

Wifi alisubiri mpaka pakatulia. Halafu akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama anaruhusiwa kuliandika hilo. Wote walimgeukia Mkasi.

"Andika, Mwalimu," Mkasi alisema. "Andika lote."